Tovuti Zikibadili Sura, Programu Zikibadili Jina

Kampuni ya teknolojia ikibadili sura ya tovuti yake au jina la programu yake, malalamiko huanza siku hiyohiyo. Wapo wanaodai sura ya zamani irudishwe, wapo wanaotishia kuhama, na wachache huhama kweli. Viongozi wa kampuni mara nyingi huyachukulia malalamiko hayo kuwa kelele za muda: watu hawapendi mabadiliko, baada ya mwezi watakuwa wameshazoea. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini haitoshi. Kuna manung'uniko ya mtu aliyevurugiwa mazoea, na kuna manung'uniko ya mtu aliyenyang'anywa kitu. Ya kwanza hupoa. Ya pili yamewahi kuiangusha kampuni.

Sababu za kubadili sura ni nyingi. Simu zilipoanza kutumika zaidi kuliko kompyuta, kurasa zilizopangwa kwa skrini pana zililazimika kupangwa upya. Matangazo yanadai nafasi, huduma mpya inatafutiwa mlango, mkurugenzi mpya anataka kuonekana amefanya kazi. Ni chache kati ya sababu hizo zinazoanzia kwa mtumiaji, na ugomvi huzaliwa hapo.

Anayetumia programu kila siku hasomi tena maandishi yaliyo kwenye skrini. Mkono wake unaijua njia. Mfano mzuri ni Microsoft Office ya mwaka 2007. Mchapaji wa duka la stesheneri, awe Kariakoo au River Road, aliyelizoea toleo la 2003 alikuwa akibofya menyu ya kwanza juu kushoto, anashuka hadi amri ya kuchapisha, karatasi inatoka, mteja analipa. Katika toleo la 2007 menyu hizo zilitoweka. Mahali pake palikaa utepe mpana wenye picha ndogondogo, na amri ya kuchapisha ikafichwa chini ya duara lenye nembo ya Office kwenye kona. Wengi walidhani duara lile ni pambo tu, kwa kuwa nembo kwa kawaida haibofywi ili kutoa karatasi. Aliyejua njia ya mkato ya kibodi, Ctrl na P, aliendelea na kazi. Asiyejua alibaki akihangaika huku foleni ikirefuka. Toleo la 2010 liliondoa duara lile na kurudisha neno File mahali pake. Utepe wenyewe ulibaki hadi leo, na watu wameshauzoea. Kwa hiyo ndani ya malalamiko yale mlikuwa na mambo mawili: ugeni, ambao muda uliuponya, na kosa la ubunifu, ambalo halikupona mpaka liliporekebishwa.

Facebook ilipata somo lake tarehe 5 Septemba 2006. Kabla ya siku hiyo, aliyetaka kujua habari za rafiki yake alilazimika kuufungua ukurasa wa rafiki huyo. Ghafla kila mtu alikuta kwenye ukurasa wa mwanzo orodha ya mambo yote ambayo rafiki zake wamefanya: nani kaweka picha, nani kaachana na nani. Hakuna siri iliyofichuliwa, maana yote yalikuwa yakionekana tangu awali kwa aliyeyatafuta. Hata hivyo watu waliona wameanikwa. Kundi la kupinga lililoanzishwa na mwanafunzi lilikusanya mamia ya maelfu ya wanachama kwa siku chache, na liliweza kukua haraka hivyo kwa sababu orodha hiyohiyo iliyopingwa ndiyo iliyokuwa ikiwatangazia watu kwamba rafiki zao wamejiunga nalo. Baada ya siku tatu Mark Zuckerberg aliomba radhi hadharani na kuongeza vidhibiti vya kuchagua nini kionekane. Orodha haikuondolewa, na baadaye ikawa kiini cha Facebook. Kampuni nyingi zilijifunza kwamba hasira hupita. Wachache walikumbuka kwamba hasira ile ilipita baada ya watumiaji kupewa walichokuwa wanakidai, yaani uwezo wa kuamua.

Digg haikukumbuka. Tovuti hiyo ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Kevin Rose na wenzake, haikuwa na wahariri. Mtumiaji alileta kiungo cha habari aliyoipenda, wengine wakaipigia kura ya kuipandisha au ya kuizika, na zilizoshinda zikapanda ukurasa wa mwanzo. Tovuti nyingine zilitamani mno kufika pale, kwa sababu habari iliyopanda ililetewa wasomaji wengi kiasi cha kuzidi uwezo wa seva za tovuti iliyoichapisha. Thamani yote ya Digg ilikuwa mikononi mwa watu wasiolipwa senti, waliokesha wakichambua viungo.

Mwishoni mwa Agosti 2010 Digg ilizindua toleo lake la nne. Kitufe cha kuzika habari kilikuwa kimeondolewa. Kampuni za habari ziliruhusiwa kuingiza makala zao moja kwa moja bila kupitia mkono wa mtumiaji, na ukurasa wa mwanzo ukaanza kupangwa kufuatana na akaunti ambazo mtu anazifuata. Aliyekuwa mchaguzi wa habari akawa mpokeaji. Juu ya hayo tovuti ilianguka mara kwa mara katika siku za kwanza, kwa kuwa sura mpya ilizinduliwa sambamba na hifadhidata mpya. Na kurudi nyuma kusingekuwa rahisi: mfumo wa chini ulikuwa umeshabadilishwa pamoja na rangi za juu.

Watumiaji walijibu kwa silaha waliyokuwa nayo, yaani kura. Waliujaza ukurasa wa mwanzo wa Digg viungo vya Reddit, mshindani aliyeanza mwaka 2005, kisha wengi wakavifuata viungo hivyo na hawakurudi. Kitufe cha kuzika kilirejeshwa baadaye, lakini watu walikuwa wameshaondoka. Oktoba mwaka huohuo kampuni ilipunguza zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake. Julai 2012 jina, tovuti na teknolojia yake viliuzwa kwa Betaworks ya New York kwa takriban dola 500,000, kulingana na taarifa za vyombo vya habari. Digg ilikuwa na matatizo hata kabla ya toleo la nne, na si haki kulibebesha toleo hilo lawama zote. Lakini lilichukua kitu kimoja ambacho watu wale walikifuata pale, na hawakuwa na sababu nyingine ya kubaki.

Majina nayo yana ugomvi wake. Juni 2000 Microsoft ilitangaza .NET, ambayo kimsingi ilikuwa njia mpya ya kutengeneza programu na kuziunganisha kupitia intaneti. Kisha jina hilo likaanza kubandikwa kila mahali: kwenye huduma ya kuingilia akaunti, kwenye programu za seva, hata kwenye Windows ya seva iliyokuwa ikiandaliwa. Wateja, na hata waandishi wa teknolojia, walishindwa kueleza .NET ni nini hasa. Mwanzoni mwa 2003 kampuni ilirudi nyuma, na Windows ile ikatoka kwa jina la Windows Server 2003. Leo .NET ni jina la zana za watengeneza programu pekee, na linaeleweka. Yanayoonekana sasa kwa jina la Copilot, ambalo Microsoft imezipa huduma nyingi tofauti na Januari 2025 ikaliongeza hata kwenye jina la programu iliyojulikana kama Office, yanafuata njia ileile.

Kubadili jina ambalo umma umeshalifanya lake ni kazi nzito zaidi. Elon Musk aliinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, na Julai 2023 akaliondoa jina na ndege wake, akaweka herufi X. Miezi mingi baadaye magazeti, ya Kiswahili yakiwemo, yalikuwa bado yanaandika "X, zamani Twitter", ili msomaji ajue kinachozungumzwa.

Afrika Mashariki inaijua hali hii kupitia simu. Celtel iligeuka Zain, Zain ikageuka Airtel. Nchini Tanzania, Novemba 2024 Tigo ilibadilika kuwa Yas na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Namba na salio la mteja havikuguswa. Hata hivyo jina la huduma ya pesa lina uzito kuliko jina la mtandao wa kupiga soga, kwa sababu mteja hulitegemea kumtambua wakala wa kweli na ujumbe wa kweli. Kipindi cha mpito ni mwanya wa matapeli, na kampuni inayobadili jina la namna hiyo inawajibika kumweleza mteja mapema, kwa lugha anayoielewa, nini kimebadilika na nini hakijabadilika.

Njia za kupunguza maumivu zinajulikana. Mabadiliko hujaribiwa kwanza kwa watu wachache, hutangazwa mapema, na huletwa kidogokidogo. Sura haibadilishwi siku moja na mfumo wa chini. Njia iliyo bora kuliko zote ni kuiacha sura ya zamani ifanye kazi, ingawa inagharimu fedha na mafundi wa kuitunza. Gmail ilipobadili mwonekano Aprili 2018, ilimruhusu mtumiaji kurudi kwenye ule wa zamani kwa kipindi fulani. Mwaka huohuo Reddit, iliyowapokea wakimbizi wa Digg, nayo ikajenga upya tovuti yake, na watumiaji wengi wa siku nyingi wakaikataa sura mpya. Haikuwalazimisha. Sura ya zamani iliwekewa anwani yake, old.reddit.com, na miaka mingi baadaye ilikuwa bado inafunguka.