Sherehe za bia za Wajerumani: ghala kwanza, kibuyu baadaye (Sehemu ya Tatu)

Habari za watawa wa Bavaria na mapipa yao tulizimaliza juma lililopita. Leo naruka hadi Munich, kwa kuwa msimu umewadia. Oktoberfest huanza Septemba, na kwetu huo ndio wakati wa Maonesho ya Teknolojia ya Madini katika viwanja vya Bombambili, Geita. Maturubai yakishapandishwa pale, hakosekani mtu wa kusema nasi tuwe na sherehe kubwa ya bia kama Wajerumani. Wasemao hivyo wameiona bilauri ya lita moja. Shayiri iliyoitangulia hawakuiona.

Tarehe 23 Aprili 1516, mjini Ingolstadt, watawala wawili wa Bavaria, Wilhelm wa Nne na nduguye Ludwig wa Kumi, waliamuru bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Wengi huisifu amri hiyo kwa usafi. Mimi naipendea jambo jingine: iliwazuia wapika bia kugombea ngano na waoka mikate. Tumbo lilitangulia, kiu ikafuata. Mwaka 1553 wakapigwa marufuku kupika kati ya 23 Aprili na 29 Septemba, maana joto liliharibu bia na meko yao yaliweza kuunguza mji. Basi mwezi Machi walipika nyingi, kali kidogo ili idumu, wakaiweka kwenye maghala baridi ya chini ya ardhi. Shayiri mpya ikishavunwa, mapipa ya Machi yalibidi yamalizwe ili yajazwe upya. Kunywa kulifuata kalenda ya mkulima.

Oktoberfest yenyewe ni ya juzi. Tarehe 12 Oktoba 1810, mwana wa mfalme, Ludwig, alimwoa Therese wa Saxe-Hildburghausen. Siku tano baadaye zikafanyika mbio za farasi kwenye uwanja ulioitwa kwa jina la bibi harusi, Theresienwiese. Mwaka 1811 yakaongezwa maonesho ya kilimo, watu wakaja kushindanisha mifugo. Yaani Oktoberfest ilikuwa Nanenane kabla ya kuwa baa! Mahema makubwa ya bia yalikuja karne ya 19 ikielekea ukingoni. Leo huenda watu milioni 6 hivi, na wengi wao hawajui kama kuliwahi kuwa na farasi wa mbio.

Usukumani hatukungoja harusi ya mfalme. Mavuno yakishaingia ghalani, Juni hadi Agosti, ngoma huanza. Akina mama waliloweka mtama, wakauacha uote, wakauanika, wakausaga kuwa kimea, ndipo ukapikwa na kuchachuka kuwa pombe. Shayiri ya Bavaria hupita njia hiyohiyo. Uwanjani hukutana Bagika na Bagalu, vyama vilivyoasisiwa na waganga Ngika na Gumha. Vyote hucheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Sasa hivi umati umewazunguka wenye majembe ya ngoma ya bugobogobo. Mara upande wa pili mtu kanyanyua chatu, vumbi linatimka, uwanja mzima unahama. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha makumbusho ya Bujora, Kisesa, aliliona hilo, na mashindano ya ngoma ya Bulabo yakafungamanishwa na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo.

Kazi, lakini, ilitangulia ngoma. Nsumba ntale, kiongozi wa vijana, aliwaita wenzake shambani, na aliyekwepa jembe alitozwa faini. Hapo ndipo wazee wetu na Wajerumani wa kale walipokubaliana bila kuonana.

Kuhusu Geita, nafasi imenibana, nitasema machache. Machimboni fedha huingia mchana na kutoka usiku, na gongo haina msimu. Kuongeza hema la bia pasipo mtama, ng'ombe wala ngoma ni kuongeza ulevi tu. Waandaaji watenge siku moja kwa wakulima wa mtama na kwa Bagika na Bagalu. Mcheza kwao hutunzwa. Juma lijalo tutakwenda Dar es Salaam, kwenye kiwanda cha bia cha Schultze enzi za Wajerumani. Kwa sasa, mchimbaji aliyelipwa leo apitie kwanza kwa muuza mahindi.