Mohea: Manyoya ya Mbuzi Aliyekatazwa Kusafiri

Baridi ikikaribia huku Ulaya, maduka hujaa sweta laini zenye vinyweleo vinavyong'aa, na kilebo cha shingoni kimeandikwa mohair. Wenzetu wengi hudhani ni sufu ya kondoo. Wengine huichanganya na angora, ambayo ni manyoya ya sungura. Mohea hutoka kwa mbuzi wa aina moja, mbuzi wa Angora, na Angora ni jina la zamani la Ankara, mji mkuu wa Uturuki.

Kwa karne kadhaa mbuzi huyo alikuwa wa nyanda za juu za Anatolia. Manyoya yalisokotwa na kufumwa hukohuko, na wafanyabiashara wa Ulaya wakaja kununua kitambaa. Watawala wa Dola ya Osmani walijua faida iko wapi: uzi na kitambaa viliruhusiwa kutoka, manyoya ghafi yakazuiwa, na mbuzi mwenyewe pia. Sisi tunaotoka nchi ambazo korosho zake hupanda meli na maganda yake tunaielewa sera hiyo bila mwalimu.

Mwaka 1838 mambo yalibadilika. Uingereza na Osmani zilitia saini mkataba wa Balta Limanı, uliofuta ukiritimba wa dola na kuwafungulia mlango wafanyabiashara wa Kiingereza. Viwanda vya Bradford vikawa vinasokota mohea kwa mashine, na wafumaji wa Ankara hawakufua dafu.

Mwaka huohuo kanali mmoja aitwaye Henderson alipeleka Afrika Kusini mabeberu 12 (wa mbuzi, si wale wa majukwaani) na jike mmoja. Husimuliwa kwamba Waturuki walikuwa wamewafanya mabeberu wote tasa kabla ya kuwauza. Lakini jike alikuwa na mimba, akazaa dume safarini, na kutoka kwa hao wawili ukoo ukaanza. Miaka ya 1850 wafanyabiashara wa familia ya Mosenthal wakaongeza damu mpya kutoka Uturuki. Marekani nayo ilipata mbuzi wake mwaka 1849, kupitia mtu aitwaye James Davis. Baadaye ufugaji ulishamiri Texas, ukibebwa na ruzuku ya serikali tangu 1954. Ruzuku ilipofutwa miaka ya 1990, mifugo ikapungua sana.

Karoo, nchi kame ya vichaka huko Afrika Kusini, ilimfaa mbuzi huyu kweli. Leo Afrika Kusini hutoa karibu nusu ya mohea yote duniani, na soko lake kuu ni mnada wa Gqeberha, zamani Port Elizabeth. Si kazi ya kulala usingizi. Mbuzi hunyolewa mara mbili kwa mwaka, na akishanyolewa hana kinga: mvua ya baridi ikimkuta malishoni, kundi linaweza kufa kwa usiku mmoja. Umri nao huamua bei. Manyoya ya mbuzi mchanga ni membamba, hayachomi ngozi, na ndiyo yanayotafutwa kwa sweta. Ya mbuzi mzima ni manene zaidi, huishia kwenye suti, mazulia na vitambaa vya viti.

Mwaka 2018 shirika la kutetea wanyama la PETA lilitoa video za mbuzi wakiteswa kwenye mashamba ya Afrika Kusini, na kampuni kubwa za nguo kama H&M zikaacha kununua. Miaka miwili baadaye kikazinduliwa kigezo cha kimataifa cha kukagua mashamba. Nakiona ni hatua ya haki kwa mnyama, ila mwenye shamba kubwa la uzio hukaguliwa kwa urahisi kuliko mfugaji wa milimani mwenye mbuzi wachache.

Na wafugaji wa namna hiyo ni wengi Lesotho, nchi inayoifuata Afrika Kusini kwa uzalishaji. Afrika Kusini angalau huosha na kuchana sehemu kubwa ya manyoya kabla ya kuyapeleka Italia na China. Ya Lesotho mengi huvuka mpaka yakiwa ghafi, mikononi mwa madalali wa Afrika Kusini.