Paka Aliyeshiba Ndiye Anayekamata Panya

Swali ni lile lile, liwe limetoka Usagara, Mabuki au Misungwi mjini: "Daktari, huyu paka nilimwokota, analia njaa kutwa kucha. Nikimpa chakula si ataacha kukamata panya?" Mara nyingi muulizaji amekuja naye ndani ya kiroba kilichotobolewa matundu. Ukimpapasa mgongoni unahesabu pingili za uti wa mgongo moja baada ya nyingine, na ngozi ukiivuta inachelewa kurudi. Mwenyewe hajaja kuuliza amlishe nini. Anataka dawa ya minyoo, dawa ya ulafi, dawa yoyote ya kumnyamazisha. Nimelijibu swali hili kwa upole miaka mingi. Leo nalijibu wazi: paka huyo analia kwa sababu ana njaa, na njaa hiyo anaipata kwako.

Najua imani hii inakotoka. Hapa kwetu ni nchi ya mpunga. Nyumba yenye magunia ya mpunga chumbani, mahindi kwenye kihenge na michembe iliyohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi haiwezi kukaa bila panya, kwa hiyo haiwezi kukaa bila paka. Mtu anaokota kitoto cha paka gulioni au mwaloni, anakileta nyumbani kwa nia njema kabisa, kisha anakinyima chakula kwa makusudi ili kijifunze kazi. Anaamini amefanya hesabu ya busara, akiba ya ugali pamoja na ulinzi wa ghala. Hesabu hiyo haikubali popote ukiipima.

Anza na mahitaji yenyewe. Paka wa kilo tatu na nusu anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku. Panya mdogo wa nyumbani, akiliwa mzima na mkia wake, anampa kama 30. Maana yake ni kwamba paka asiyelishwa anatakiwa akamate panya wadogo sita au saba kila siku, bila kukosa, masika na kiangazi, na kila anapovizia akakosa ametumia nguvu bure. Kama nyumba yako inazalisha panya saba kwa siku mwaka mzima, paka mmoja hatakuokoa. Na kama haizalishi idadi hiyo, basi umeleta mnyama afe njaa polepole huku ukimlaumu kwa uvivu.

Sasa tuje kwenye kiini cha imani yenyewe, kwamba njaa ndiyo inayomfanya paka awinde. Njaa huongeza hamu ya kuwinda, hilo ni kweli, lakini siyo inayoianzisha. Kinachomwamsha paka ni mwendo na sauti: kitu kidogo kinachokimbia kando ya ukuta, mchakacho ndani ya gunia, ule mlio mwembamba ambao sisi hatuusikii. Mwaka 1976 mtafiti Robert Adamec alichapisha matokeo ya jaribio ambalo ningependa kila mfugaji alijue. Paka walikuwa wanakula chakula wanachokipenda, kisha panya hai akatokea karibu. Paka waliacha kula, wakaenda kumuua panya, wakamleta hadi kwenye chakula, halafu wakaendelea kula kile chakula chao. Maumbile yana sababu. Windo la paka ni dogo na mavizio mengi huishia patupu, hivyo paka anayengoja tumbo liume ndipo aanze kuvizia anakuwa amechelewa. Ndiyo maana paka aliyeshiba anaua panya, anamchezea, anamwacha mlangoni bila kumla. Wengi mmeliona hilo kwa macho yenu, na bado mnaniuliza.

Wenye mashamba Uingereza walikuwa na imani hiyo hiyo. Wakati wa vita kuu ya pili, chakula kilipokuwa adimu na panya wakawa adui wa taifa, mwanaikolojia Charles Elton wa Oxford alifuatilia paka wa mashambani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1953. Aligundua kwamba paka wanaweza kuzuia panya wasirudi kwenye majengo ya shamba baada ya panya wa awali kuondolewa, lakini ulinzi huo haufiki mbali na majengo, na ili paka wakae pale lazima wapewe chakula cha nyongeza. Paka asiyelishwa alihama. Methali yetu wenyewe inasema paka akiondoka panya hutawala. Haikusema paka akishiba.

Na kwetu anahama kweli. Paka mwenye njaa haketi gizani kwa saa tatu akilinda tundu moja la panya. Anakwenda kwenye kilicho rahisi: kwa mama lishe wa stendi, kwenye vichanja vya dagaa kule Kigongo, kwenye jalala la utumbo wa samaki, na akikosa vyote hivyo anakwenda kwenye vifaranga vya jirani, na huko ndiko anakopigwa jiwe. Lipo baya zaidi. Wenye kuamini njaa ya paka ndio hao hao wanaotega sumu ya panya pembeni ya kihenge. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Anapepesuka kwa muda, anakamatika kirahisi, na wa kwanza kumfikia ni paka aliyelala njaa. Nimeona paka wengi wakifa hivyo, damu inatoka puani, na mwenye paka anasema amerogwa. Hakurogwa. Alikula panya uliyemtegea sumu kwa sababu hukumpa kingine.

Hapo hunijia lile pingamizi: "Mbona paka wa fulani ni mnene, na panya wanapita mbele yake?" Muulize huyo fulani panya wake ni wa ukubwa gani. Paka ni mwindaji wa vitu vidogo. Panya buku aliyekomaa anamng'ata paka vibaya, na paka anajua. Watafiti walipoweka kamera kwenye kiwanda cha kuchakata taka huko Brooklyn, New York, na kuchapisha matokeo mwaka 2018, katika siku 79 za kurekodi paka wa mtaani waliokuwa pale waliua panya wawili tu. Hao walikuwa paka wasio na mwenyewe wa kuwashibisha. Uwindaji pia hufundishwa: mama huwaletea watoto wake panya aliyekufa, kisha aliye hai, kuanzia umri wa wiki kadhaa. Kitoto ulichokiokota kikiwa hakijafumbua macho vizuri hakikupata darasa hilo, na kukinyima chakula hakulirudishi.

Utafiti ninaoupenda kuliko wote umefanyika Afrika, kwenye kaya za wakulima huko Eswatini, ukachapishwa mwaka 2017. Watafiti walipima panya wanavyokula kwenye nyumba zenye paka peke yake, zenye mbwa peke yake, zenye wote wawili, na zisizo na mnyama. Panya walipunguza kutembea na kula pale tu palipokuwa na paka na mbwa pamoja. Paka peke yake hakutosha. Kwa hiyo unayelalamikia paka wako, angalia kwanza kama umemwachia kazi ya wawili, na kama magunia yako yako juu ya vichanja au yamelala sakafuni yakimwaga punje.

Nakubali jambo moja, kwa kuwa nataka mniamini kwa mengine. Chuo Kikuu cha Exeter kilionyesha mwaka 2021 kwamba paka waliopewa chakula chenye protini nyingi ya nyama walipunguza windo wanaloleta nyumbani kwa asilimia 36. Kupunguza siyo kuacha, na wale walikuwa paka wa Uingereza walionona, waliobadilishiwa chakula kizuri kwa kizuri zaidi. Hakuna mahali popote katika matokeo hayo palipoandikwa kwamba paka wa mbavu nje ndiye mwindaji.

Basi kwa nini huyu uliyemwokota analia hata baada ya kula? Mara nyingi kwa sababu alichokula siyo chakula chake. Ugali na mchuzi humjaza tumbo na kumpa nguvu kidogo, lakini mwili wa paka umeumbwa kwa nyama. Anahitaji taurini, ambayo haimo kwenye ugali, na mwili wake hauwezi kuitengeneza ya kutosha. Wanasayansi walijua mwaka 1975 kwamba paka anayeikosa huharibika macho mpaka kupofuka. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaonyesha kwamba moyo wake pia hutanuka na kushindwa kazi. Paka wa ugali anaweza kuwa na tumbo lililojaa na mwili unaodai. Analia kwa haki.

Sababu ya pili ni maisha aliyotoka nayo. Aliyekulia jalalani amejifunza kwamba chakula hakina ratiba na wenzake watamnyang'anya, kwa hiyo anakula kwa pupa, anatapika, anarudi kuomba. Hali hii hupungua akiona sahani inakuja saa zile zile kila siku, ingawa inaweza kuchukua miezi. Na ujue kwamba kwa asili paka hula milo midogo midogo mara nyingi, mchana na usiku. Sahani moja kubwa ya jioni haimtoshi hata kama kipimo kinatosha.

Ya tatu umemfundisha wewe. Akilia unamtupia kipande. Akilia tena unamfukuza. Akilia mara ya tano unachoka, unampa. Amejifunza kwamba dawa ni kulia zaidi. Isitoshe, mwaka 2009 Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex alionyesha kwamba paka anayeomba chakula huchanganya ndani ya mkoromo wake mlio mwembamba unaokaribia kilio cha mtoto mchanga. Siyo rahisi kuupuuza, hasa alfajiri.

Minyoo? Ipo, na kitoto chenye tumbo kubwa kama kitenesi na manyoya yaliyofifia kinayo karibu hakika. Lakini minyoo haielezi kilio cha paka anayepewa tonge moja la ugali kwa siku. Na vidonge vya albendazole vya watoto wenu visimfikie paka, vinaweza kuharibu uboho unaotengeneza damu. Tumbaku na mafuta ya taa ni sumu, sina zaidi la kusema juu yake. Panadol ni kifo. Kidonge kimoja kinatosha, kwa sababu ini la paka haliwezi kuivunja.

Sasa la kufanya, haraka. Dagaa wa ziwa ndio chakula chake cha bei unayoimudu. Waoshe vizuri, kwa sababu wengi wamekaushwa juu ya mchanga. Wachemshe bila chumvi, bila kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya paka, na supu yake usiimwage kwa sababu taurini huyeyukia humo. Kiganja kimoja kilichojaa cha dagaa wakavu kwa siku, kigawe mara tatu au nne, cha mwisho kabla ya kulala. Ugali kidogo wa kuchanganya ruksa. Samaki mbichi asiwe chakula cha kila siku, kwa kuwa aina kadhaa zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1; akipikwa kinakufa. Mapanki ya sangara mpe kwa kuchuna nyama ya kichwani; miiba mikubwa iliyopikwa humkwama kooni. Ukipata maini, moyo au utumbo wa kuku uliopikwa, badilisha mara mbili kwa wiki. Maziwa siyo chakula cha paka mkubwa, huwaharisha wengi. Maji safi kila siku. Aliyekonda sana usimjaze siku ya kwanza. Mpe vijiko vidogo mara sita kwa siku kadhaa, ndipo uongeze. Usimpe chochote wakati analia: ngoja anyamaze, au mpe kabla hajaanza. Dawa ya minyoo nunua ya paka, kwa uzito wake, kwenye duka la dawa za mifugo, na muulize afisa mifugo wa kata yako. Mhasi, kisha mpunguzie kipimo kidogo, kwa sababu paka aliyehasiwa hula zaidi na kuhitaji pungufu. Mchanje kichaa cha mbwa siku ile ile unayompeleka mbwa wako. Usimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe. Sumu ya panya itoe ndani kabla hajaingia.

Mpime kwa vidole kila wiki. Pitisha mkono ubavuni: mbavu uzisikie bila kubonyeza, lakini usizione kwa macho ukiwa umesimama. Ukimlisha hivi mwezi mzima na bado anakonda huku anakula, au akikataa kula kwa siku mbili, mlete bila kungoja. Hapo ndipo tutapima kinyesi, tutaangalia meno, na kama ni mzee tutaangalia tezi ya shingo, figo na kisukari. Kabla ya hapo usiniulize dawa ya kumnyamazisha. Mpe chakula.