Je, Mwanao Anatamani Kuruka na Ndege za Jeshi?

Muulize kijana aliyemaliza kidato cha nne angependa kazi gani katika Jeshi la Anga, naye atakujibu papo hapo: urubani. Ni wachache wajuao kwamba nyuma ya rubani wapo wengine ambao kazi yao pia ni ya angani, na kwamba si lazima wawe maafisa wenye nyota mabegani. Wapo askari wenye tepe, makoplo na masajini, ambao hupanda ndege kila safari.

Mmoja wao ni msimamizi wa shehena. Katika ndege za uchukuzi yeye ndiye apangaye mizigo, akaifunga kwa minyororo na nyavu, na kuwaongoza askari wanaoruka kwa mwavuli. Katika helikopta yeye huwa macho ya rubani, akimwambia iwapo mkia unakaribia mti au waya.

Je, mtu huingiaje?

Hapa ndipo wazazi wengi hupotea. Kijana hasajiliwi moja kwa moja kwenda kuruka. Kwanza huandikishwa kama kuruti wa Majeshi ya Ulinzi, halafu hupelekwa chuo cha makuruti huko Eldoret. Baada ya hapo ndipo hugawanywa: wengine Jeshi la Nchi Kavu, wengine Wanamaji na wengine Anga. Kazi ya ndani ya ndege huja baadaye, kwa mafunzo zaidi.

Katika matangazo ya miaka ya hivi karibuni, masharti kwa kuruti wa kawaida yamekuwa haya: awe raia wa Kenya mwenye kitambulisho, umri wa miaka 18 hadi 26, na gredi ya wastani isiyopungua D katika mtihani wa KCSE. Kimo kisipungue mita 1.60. Uzani usipungue kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Asiwe na rekodi ya uhalifu, na msichana asiwe mjamzito wakati wa usajili wala mafunzoni. Soma tangazo la mwaka husika, kwani masharti huweza kubadilika.

Mwili na akili

Gredi D hufungua lango tu. Anayetaka kuruka asiidharau hisabati. Sanduku la kilo 500 likisogezwa mita 2 kuelekea mkiani, huvuruga mizani ya ndege sawasawa na la kilo 1,000 lililosogezwa mita 1. Msimamizi wa shehena akikosea hesabu hiyo, ndege huweza kuinua pua isiweze kuishusha tena.

Mwili nao una hesabu zake. Ndege ipandapo, hewa iliyo nyuma ya kiwambo cha sikio hupanuka, ishukapo, hujibana. Mwenye matatizo ya pua na masikio huumia sana, na kiwambo chaweza kupasuka. Macho nayo lazima yatofautishe rangi, maana redio ikinyamaza, mnara wa uwanja humwashia rubani taa nyekundu au kijani. Upofu wa rangi huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na wengi huishi nao bila kujua. Kwa hivyo, mzazi, mpeleke mwanao akapimwe macho, masikio na meno mapema. Jino lililooza laweza kutibiwa mwezi mmoja kabla. Siku ya usajili muda huo haupo.

Mazoezi pia hayaanzi wiki ya mwisho. Kijana aamke alfajiri akimbie, miezi kadhaa kabla.

Usiuze ng'ombe

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi. Kila mwaka hujitokeza watu wanaodai kuwa wana 'mkubwa' jeshini. Mzazi huuza ng'ombe au kipande cha shamba, akapewa barua ya kuitwa iliyo bandia. Kijana hufika kambini na barua hiyo, akaishia mikononi mwa polisi, na aliyekula pesa hapatikani tena. Usajili ni bure. Tena, kwa Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, mtoaji na mpokeaji wote wana hatia, na kifungo chaweza kufika miaka 10.

Ukiwa na pesa za kumsaidia mwanao, zitumie kwa daktari wa meno, viatu vya kukimbilia na vitabu vya hisabati. Hata asipochukuliwa, afya na elimu hiyo atabaki nayo. Njia ya mkato yaweza kumwachia rekodi ya uhalifu, na rekodi hiyo itamfungia lango la jeshi maisha yake yote.