Bibi wa filme aliyeitwa akikaribia miaka 50

Kama uliona filme Charlie and the Chocolate Factory ya 2005, unakumbuka ile nyumba ya kimaskini, wazee wane wamelala katika kitanda kimoja. Mmoja wao, Bibi Georgina, alichezwa na Mwingereza Liz Smith. Leo nataka nieleze maisha yake, juu yanatuhusu sisi wenye tumeweka dosye kila mahali na simu hailie.

Liz alizaliwa 1921 kule Scunthorpe, mji wa viwanda vya chuma. Alifiwa na mama akiwa na miaka 2 tu. Kisha baba akaenda zake. Bibi yake njo alimlea. Wakati wa vita aliingia jeshi la majini. Aliolewa, akazaa watoto 2, ndoa ikavunjika. Akabaki London akifanya kazi yoyote iliyopatikana ili watoto wale.

Sasa angalieni hapa. Mchana alitafuta franga, jioni alienda kufanya mazoezi na kikundi cha Charles Marowitz, mwongozaji wa kutoka Marekani. Kule walizoea kucheza bila maneno yaliyoandikwa: unapewa mtu na hali yake, maneno unayatunga mwenyewe palepale.

Karibu 1970 alikuwa anauza vitu vya watoto katika duka la Hamleys. Akaitwa. Mike Leigh, mwongozaji kijana, alitafuta mama wa makamo mwenye anaweza kucheza namna ile. Filme ikatoka 1971, Bleak Moments. Mwaka 1973 akaonekana kwenye BBC katika Hard Labour, akiwa mama mwenye kusafisha nyumba za wengine.

Kazi yake ilikuwa ya pembeni. Staa anapewa saa nzima, huyu anapewa dakika chache, na katika zile dakika lazima useme: "Huyu bibi namjua, anakaa mtaani kwetu." Mimi naona miaka ile ya kuuza dukani na kuhangaika ilimfundisha watu, kitu chenye shule peke yake haingempa.

Matunda yalikuja. A Private Function ya 1984 ilimletea zawadi ya BAFTA. Kuanzia 1998 Uingereza nzima ilimjua kama Nana katika The Royle Family, na 2006 watu walilia Nana alipokufa katika hadithi. Yeye mwenyewe alikufa tarehe 24 Desemba 2016, akiwa na miaka 95.

Sisemi tungoje mpaka miaka 50. Na kuitwa kule kulikuwa na bahati ndani, nakubali. Lakini bahati ilimkuta bado anafanya mazoezi. Kama angeacha miaka 5 mbele, Leigh angemwita kwa kazi gani?

Basi nauliza, na ninajiuliza mimi pia: kile ulichosomea, jioni unakifanyia nini ili kisikutoke mikononi?