Kinyonga wa Meru na Mifupa Iliyolainika

Jumapili moja ya mwezi Juni, majira ambayo mawingu ya Meru hulifunika jiji la Arusha tangu alfajiri hadi alasiri, binti wa jirani yangu alipiga hodi akiwa amebeba boksi la viatu. Aliniamkia, nikaitika marahaba, naye akaliweka boksi mezani kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. "Daktari, huyu hasimami tena," alisema.

Ndani mlikuwa na kinyonga dume mwenye pembe tatu, yaani kinyonga wa Jackson wa nasaba inayopatikana katika Mlima Meru, ambayo tangu mwaka 1958 ina jina la kisayansi linaloutaja mlima wenyewe. Mnyama huyu hutembea akiwa ameuinua mwili wake juu ya miguu minne, akilishika tawi kwa vidole vilivyogawanyika kama koleo. Huyu alikuwa ametandazika. Mikono yake ilipinda katikati, mahali pasipo na kiungo, na alipojaribu kusogea alijikokota kwa viwiko. Taya la chini lilikuwa limelegea na kubonyea kama mpira.

Mimi ni daktari bingwa wa watoto, si wa wanyama. Hata hivyo sikuhitaji kitabu kunieleza ninachokiona. Ni matege.

Historia yake ilipatikana kidogo kidogo, kama ipatikanavyo historia ya mtoto aliyeletwa na shangazi. Mpangaji mmoja alimnunua kwa vijana wa kando ya barabara, akamweka sebuleni katika tangi la kioo kwa zaidi ya mwaka mmoja, kisha akahama na kumwachia mlinzi wa nyumba, baba wa binti huyu. Mama hakutaka hata kumsogelea, kwa kuwa kwetu wengi humhesabu kinyonga kuwa mnyama wa mkosi. Binti peke yake ndiye aliyemlisha: nzi wa jikoni, na funza wa pumba alioachiwa na mpangaji katika kopo. Kwa hiyo aliyeniletea mgonjwa ndiye mtu pekee ambaye hakuwa amemtelekeza, na nilimwambia hivyo kabla ya kumwambia neno jingine lolote.

Ugonjwa wenyewe unaeleweka vizuri, na msomaji aliye muuguzi atauona kuwa jamaa wa karibu wa ugonjwa anaoujua. Ngozi ya kinyonga, kama ya binadamu, ina aina ya mafuta ambayo yakipigwa na miale ya urujuanimno ya jua, hasa ya kundi B, hugeuka kuwa chanzo cha vitamini D3. Ini huitengeneza kwa hatua ya kwanza, figo hukamilisha, na hapo ndipo utumbo hupata uwezo wa kufyonza vya kutosha kalsiamu iliyomo katika chakula. Kalsiamu ikipungua, damu haivumilii upungufu huo, kwa sababu moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila madini hayo. Tezi ndogo zilizo shingoni humwaga homoni inayoiamuru mifupa itoe akiba yake. Mwili huula mfupa ili kuuokoa moyo. Mfupa uliokwisha kuliwa hivyo hupinda kwa uzito wa mwili wenyewe, hata kama uzito huo ni gramu 22 tu, kama ulivyosoma mzani wa dawa nilioutumia.

Mlimani, kinyonga hana sababu ya kuugua hivi. Asubuhi hupanda kwenye jua, mwili wake ukiwa umegeuka kuwa mweusi ili ukusanye joto. Likipanda jua, hujirudisha kivulini. Watafiti wa Marekani waliowachunguza vinyonga wa Madagaska, wakachapisha matokeo yao mwaka 2009, walionyesha kwamba kinyonga aliyepungukiwa vitamini D katika chakula hujiweka mwenyewe penye miale mingi zaidi, na aliyetosheka hujipunguzia. Mnyama huyu, basi, hujipimia dozi. Lakini ndani ya tangi la kioo hana cha kupima. Kioo cha kawaida hupitisha nuru na joto, na huzuia karibu miale yote ya kundi B. Aliyeliweka tangi dirishani alidhani amempa mnyama jua, kumbe alimpa picha ya jua.

Chakula nacho kilichangia. Wadudu wengi wanaofugwa kwa ajili ya kulisha wanyama wana fosforasi mara kadhaa kuliko kalsiamu, ilhali kinyonga anahitaji kinyume chake, kalsiamu ikaribie maradufu ya fosforasi. Funza aliyekulia kwenye pumba ni mfuko wa mafuta na fosforasi. Panzi wa shambani, ambaye tumbo lake limejaa majani mabichi, ni mlo wa namna nyingine kabisa. Majike hupata shida zaidi, kwa kuwa kinyonga wa Jackson hatagi: hubeba watoto tumboni kwa miezi kadhaa na kuwazaa wakiwa hai, na mifupa yao yote hujengwa kutokana na mama.

Hapa sina budi kukiri kosa ambalo nusura nilitende. Kabatini mwangu mlikuwa na kichupa cha vitamini D cha uniti 300,000, kile tunachokitumia mara moja kwa mtoto ambaye hatutarajii arudi kliniki. Nilikuwa nimekwisha kukishika nilipompigia simu daktari wa mifugo, rafiki yangu, nikitaka tu anihakikishie. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza mgonjwa wangu ana uzito gani. Mtoto wa kilo kumi ni mzito kuliko kinyonga yule zaidi ya mara 450. Vitamini D ikizidi haitoki kwa urahisi mwilini. Huijaza damu kalsiamu, na kalsiamu hiyo huenda kuganda katika figo na mishipa. Ningemwua kwa dawa ya ugonjwa alionao. Nayaandika haya kwa sababu nimekutana na wazazi waliompa mtoto matone ya vitamini D kwa kijiko cha chai wakiamini kwamba kinachofaa kidogo kitafaa zaidi kikiwa kingi.

Daktari yule alikuja jioni. Alianza na maji, kwani mnyama aliyekauka hafyonzi kitu, na macho yaliyodidimia yalionyesha ukavu. Kinyonga hajui kunywa katika bakuli. Hulamba matone yaliyo juu ya majani. Alinifundisha kunyunyiza kwa bomba la kupulizia nguo za pasi, polepole, dakika kadhaa, mpaka koo lionekane likimeza. Kisha alimpa kalsiamu ya maji kwa kinywa, kwa kipimo alichokikokotoa mwenyewe kwa gramu, akanikataza kumchoma sindano yoyote. Picha ya eksirei aliyompiga siku ya pili ilionyesha mifupa hafifu kama moshi, yenye mivunjiko mitatu. Hakuifunga plasta. Mfupa laini namna ile huvunjika tena pembezoni mwa kitu kigumu unachoufungia.

Kilichobaki kilikuwa uuguzi, na sehemu kubwa yake ilifanywa na binti. Tulitengeneza tundu la wavu wa mbu na mbao, tukatia ndani mti mdogo wa mchungwa uliopandwa kwenye ndoo. Matawi yote yaliwekwa chini, kiasi cha shubiri moja kutoka sakafuni, ambayo ilitandikwa nguo, kwa sababu mgonjwa wa mifupa huanguka. Nilimwonya asimng'oe kamwe kutoka kwenye tawi kwa kumvuta. Vidole vinavyoshikilia ni vyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Unauweka mkono mbele yake na kungoja apande mwenyewe. Kungoja huko huchukua muda, na kinyonga hana haraka.

Kila asubuhi mawingu yalipopasuka tundu lilitolewa nje, nusu ikiwa juani na nusu kivulini, ili achague mwenyewe. Tangi la kioo halitolewi nje hata kidogo, maana juani hugeuka tanuri ndani ya dakika chache, na huyu ni mnyama wa mlima aliyezoea usiku wa baridi. Wadudu walilishwa sukuma wiki siku nzima kabla ya kuliwa. Mchicha tuliuacha, kwani una asidi inayoishika kalsiamu isifyonzwe. Maganda ya mayai yalichemshwa, yakakaushwa na kusagwa kuwa vumbi laini, na panzi waligaragazwa humo kama andazi kwenye sukari. Kwa kuwa ulimi wake haukuweza kuruka, binti alimshikia mdudu kwa kibano mbele ya mdomo.

Baada ya kila kazi alinawa mikono kwa sabuni, na mdogo wake wa miaka mitatu hakuruhusiwa kumgusa mnyama. Wanyama wa jamii hii hubeba vimelea vya salmonela tumboni bila wao kuugua, na watoto walio chini ya miaka mitano ndio wanaoumia zaidi. Mhudumu wa afya anayempokea mtoto mwenye homa na kuhara na aulize pia kuhusu kobe, kenge na kinyonga wa nyumbani.

Maji tuliyomnyunyizia yalikuwa ya mvua, na binti aliniuliza kwa nini si ya bomba la nyumbani kwa bibi yake alikokulia, upande wa Maji ya Chai. Nilimwomba atabasamu. Meno yake yana rangi ya kahawia ambayo kila mhudumu wa wilaya hizi anaijua. Miamba ya volkano ya Meru huyatia maji ya mito na visima vingi floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi yanayotiwa kwenye maharage huongeza. Kuyachemsha maji hakuiondoi floraidi. Mvuke hutoka, floraidi hubaki. Mahali ilipo nyingi sana hushambulia mifupa yenyewe, na miguu ya watoto hupinda. Ndiyo maana mtoto mwenye miguu iliyopinda akija kwetu kutoka pande hizi, nataka maswali mawili yaulizwe pamoja: anapata jua na kalsiamu, na anakunywa maji gani? Katika eksirei, mfupa wa matege huwa hafifu na ncha zake zimechanika. Wa floraidi mara nyingi huwa mweupe na mzito kupita kawaida. Lakini nimeona mtoto mmoja akiwa na vyote viwili, na upungufu wa kalsiamu humfanya aumizwe zaidi na floraidi. Kumpa matone ya vitamini D na kumrudisha kwenye kisima kilekile ni kufanya nusu ya kazi. Pale Ngurdoto kipo kituo cha serikali ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia uchujaji wa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Waelekezeni wazazi huko.

Mdogo wa binti nilimpima siku ileile. Vifundo vya mikono vilikuwa vimevimba kidogo. Mama yake, mwenye kibanda cha duka, alikuwa akimlaza nyuma ya kaunta tangu asubuhi mpaka jioni, mahali salama pasipo jua, na uji wake ulikuwa wa mahindi matupu. Sasa anapata dawa kwa kipimo cha umri wake, dagaa waliosagwa pamoja na mifupa yao, na saa moja uani kila asubuhi.

Lilibaki suala la kinyonga. Mnyamapori si mali ya anayemwokota wala anayemnunua kando ya barabara. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai kibali, na biashara ya kuwasafirisha wakiwa hai nje ya nchi ilisitishwa na Serikali mwaka 2016. Nilitoa taarifa kwa maofisa wa wanyamapori wiki ile ya kwanza, wala hawakutugombeza. Wazo la binti lilikuwa kumrudisha msituni. Daktari wa mifugo alikataa: mifupa imekuwa migumu tena, lakini imegandia katika mpindo wake, na mkono usioweza kulishika tawi vizuri hauwezi kumwokoa na ndege. Ofisi iliruhusu abaki chini ya uangalizi wake.

Wiki ya tisa ulimi uliruka, ukamkosa nzi kwa upana wa kidole. Binti alinipigia simu nikiwa wodini kunipa habari hiyo. Wiki ya kumi alimpata.