Roboti Bila Betri ya Kufaa ni Mzigo kwa Askari

Jioni moja tulialikwa katika karakana ya kambi kutazama gari dogo la roboti, lililoundwa na vijana wawili wa idara ya mawasiliano katika saa zao za mapumziko. Maafisa walikuwa wameketi, askari wamesimama. Gari likaondoka, likaenda hatua tatu, likasita; taa yake ikazimika, ikawaka tena, nalo likaanza upya kana kwamba halikupewa amri yoyote. Watu wakacheka. Vijana wale wakainamisha vichwa, kwa maana walikwisha kesha siku mbili wakiirekebisha programu. Kumbe kosa halikuwamo katika programu. Kosa lilikuwa katika betri.

Mwenye kudhani kwamba huo ni mchezo wa watoto na akumbuke mwaka 1972. Jeshi la Uingereza, likikabiliwa na mabomu yaliyofichwa ndani ya magari huko Ireland ya Kaskazini, lilipata chombo kilichoitwa Wheelbarrow. Luteni Kanali Peter Miller alichukua fremu ya toroli liendalo kwa umeme, akalikusudia libebe ndoano ya kuburutia gari linaloshukiwa. Tangu hapo mashine hutangulia mahali ambapo zamani mtu alikwenda kwa miguu yake. Lakini mashine ikizimika kando ya bomu, hapana budi mtu aende. Kwa hiyo anayejifunza kuchagua betri ya gari dogo anajifunza jambo kubwa.

Kwanza tutofautishe volti na ampea. Volti ni kama msukumo wa maji katika bomba. Ampea ni wingi wa maji yapitayo. Betri ile ya mraba ya volti 9 ina msukumo wa kutosha, ila bomba lake ni jembamba. Akiba yake ni kama miliampea 500 kwa muda wa saa moja, nayo inafaa vyombo vinavyotumia umeme kidogo, kama vile king'ora cha moshi. Mota ndogo za plastiki za rangi ya manjano, ambazo wanafunzi wengi huzitumia, hula kama miliampea 200 kila moja gari likitembea. Likianza kuondoka au likikwama, mota moja yaweza kudai ampea nzima au zaidi. Hapo volti za betri huporomoka, na kibao cha kuongozea gari hupoteza fahamu. Hayo ndiyo yaliyowafika vijana wetu.

Pili, tuhesabu kinachopotea njiani. Mota hizo hutaka volti 3 hadi 6. Kidhibiti cha mota cha L298N, ambacho ni cha bei nafuu, humeza chenyewe kama volti 2. Mawe manne ya tochi ya alkalini hutoa volti 6. Zikitolewa 2, mota hubakiwa na 4 tu, nazo hupungua kadiri mawe yanavyochoka. Betri sita za nikeli zinazochajiwa, kila moja volti 1.2, hutoa volti 7.2, na mota hupata kama 5. Tena betri hizo hustahimili kutoa umeme mwingi kwa ghafla.

Tatu, tukadirie muda. Mota mbili na kibao vikila jumla ya miliampea 500, betri za miliampea 2,000 zingedumu saa 4 kwa hesabu ya karatasi. Kamanda mwangalifu hupanga kazi ya saa 2, akaweka zilizobaki kuwa akiba. Ni vyema pia kibao kipewe betri yake mbali na ya mota, mradi nyaya za hasi za betri zote mbili ziunganishwe. Zisipounganishwa, amri za kibao hazitaeleweka kwa kidhibiti.

Betri za lithiamu ni nyepesi na zina nguvu nyingi, lakini hazina msamaha. Seli ya kawaida ya aina hiyo haichajiwi kupita volti 4.2, wala haiachwi ishuke chini ya 3. Usiitie mfukoni pamoja na funguo, kwa kuwa ncha zake zikigusana na chuma zaweza kuwasha moto. Ichaji kwa chaja yake, mbele ya macho yako, mbali na kitanda na godoro, na utie fyuzi katika waya wa chanya.

Baada ya juma moja tuliitwa tena karakanani. Programu ilikuwa ile ile, mota zile zile. Kilichobadilika ni betri sita za nikeli. Gari lilivuka sakafu nzima, likazunguka kiti cha mkuu wa kambi, likarudi kwa waliolituma. Safari hii hakuna aliyecheka. Askari hupimwa kwa kurudi na kazi iliyotimia, na chombo chake vivyo hivyo.